Fungua Kwanza, Saini Baadaye

Baba mkwe wangu hajawahi kupokea kitu kama watu wengine wanavyopokea. Ukimpa zawadi, anaigeuza juu chini kwanza aone kama haijatoboka. Siku ya harusi yangu, wageni wakiwa bado wanakula, alijitenga kwenye kona ya ukumbi na mkasi wake mdogo, akawa anafungua zawadi zetu moja moja kuhakikisha kwamba seti ya sahani sita ina sahani sita kweli. Moja ilikuwa na tano. Mpaka leo anaweza kukutajia aliyeileta na nguo aliyovaa.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Sabuni, bandeji, mashuka, magunia ya unga na maharage ya jikoni, vyote vilipita mikononi mwake kabla havijafika kwa mgonjwa yeyote. Wenye malori walikuwa hawampendi. Wao wana haraka, wanataka saini waondoke, naye anavaa miwani polepole, anashusha mizani yake ya ndoano kutoka kwenye msumari na kusema maneno yale yale: "Fungua kwanza." Basi likawa ndilo jina lake. Kuanzia mganga mkuu mpaka wafagiaji, wote walimwita Fungua Kwanza, na alipostaafu wakaliandika kwenye keki ya kumuaga. Aliikata mwenyewe, akachungulia ndani, ndipo akaruhusu wengine wale.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa nacheza na nani.

Mama mkwe alipofariki, mzee alihamia kwetu na begi moja na ile mizani. Mimi ni karani wa shule, nashinda kazini. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anakuja kama mgeni. Mzee akaona nyumba haina mtu wa kuisimamia, akajipa kazi ya kununua mahitaji. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda supamaketi kwa miguu, mwendo wa robo saa, akarudi baada ya saa tatu nzima.

Niliwahi kumsindikiza mara moja, nikaapa sirudii. Maziwa aliyachukua nyuma kabisa ya friji, mkono umezama mpaka begani, kwa sababu anajua ya zamani husogezwa mbele. Unga alishika pakiti mbili, moja kila mkono, akafumba macho, akachagua nzito. Makopo aliyagonga kwa kucha na kuyasikiliza. Muuza nyama naye, mzee alimwomba kwa adabu kubwa aondoe kidole gumba kwenye mizani. Watu walikuwa wanatuangalia, mimi natamani ardhi ipasuke. Lakini tulipotoka alikuwa anatembea kifua mbele. Alisema anapenda dukani kwa sababu moja tu, kwamba kule mkono unaochagua ni wa kwake.

Kisha Jumamosi moja akaanguka. Alianguka palepale, kati ya rafu za sabuni. Wafanyakazi walimkalisha juu ya kreti, wakampepea kwa kipande cha boksi, wakanipigia. Tukampeleka hospitali, hospitali yake mwenyewe, na daktari aliyempima alikuwa binti mdogo ambaye mzee alimkumbuka akija kuomba glavu stoo siku za mafunzo. Presha ilikuwa imepanda vibaya sana. Daktari akamwambia apunguze chumvi. Mzee akajibu kwamba yeye amekula chumvi nyingi kuliko daktari, ndiyo maana yuko pale. Daktari akaandika huku akisema, "Ndiyo maana uko hapa, kweli."

Mimi alinivuta pembeni, kwenye korido, na hapo hakuwa na utani. Chumvi ya mezani, nyama za kopo, njugu zilizokaangwa na chumvi, vyote viachwe. "Safari hii ameinuka," aliniambia. "Ijayo huenda asiinuke." Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani na hayakunitoka.

Mzee yeye alirudi na maoni tofauti. Vidonge alivikubali, akavihesabu vyote mbele ya mfamasia. Lakini habari ya chumvi aliitupilia mbali. Chakula kisicho na chumvi, alisema, ni cha kuwafunza watu adabu, na yeye hajamkosea mtu.

Tukashauriana kwa simu, mimi na mume wangu, tukaamua kwamba mzee asiende tena dukani. Supamaketi ile ile ina huduma ya kuagiza kwa simu: unachagua vitu kwenye programu yao, wanavifungasha, pikipiki inaleta mlangoni. Nilimweleza mzee kwa sauti ya kumbembeleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani atakayechagua nyanya. Nikasema wafanyakazi. Akauliza, "Wanalipwa kwa kuchagua vizuri au kwa kuchagua haraka?"

Alikubali kwa sababu mguu wake ulikuwa bado unatetemeka. Utaratibu ukawa hivi. Ijumaa jioni, baada ya chai, anakaa mezani na kunitajia mahitaji, mimi naandika kwenye simu. Jumamosi asubuhi mzigo unafika. Na katikati hapo, kati ya Ijumaa na Jumamosi, ndipo nilipofanya nilichofanya.

Alitaja chumvi pakiti mbili, nikaandika. Njugu za chumvi, nikaandika. Nyama ya kopo, nne, nikaandika. Nikamsomea, akaridhika. Kisha nikaingia jikoni kusuuza vikombe, nikaitoa simu, nikafuta. Badala ya chumvi nikaweka ile ya wagonjwa wa presha. Badala ya njugu za chumvi, njugu tupu. Badala ya nyama ya kopo, kuku wa kuchemsha nyumbani. Nikabonyeza kutuma. Nilijiambia naokoa maisha ya mtu, na ilikuwa kweli. Kulikuwa na ukweli mwingine pia: nilikuwa nakwepa ugomvi. Kumdanganya kulikuwa kwepesi kuliko kubishana naye.

Jumamosi mzigo ulikuja na mwanamke wa makamo, mwembamba, pikipiki yake ina sanduku kubwa nyuma. Kofia ngumu hakuivua kichwani hata mara moja kwa sababu ya haraka, hivyo mzee akambatiza Helmeti siku ile ile. Alinyoosha simu yake mzee asaini kwa kidole kwenye kioo. Mzee akaweka mikono mgongoni.

"Fungua kwanza," akasema.

Helmeti alisema ana nyumba kumi na moja nyingine. Mzee akamletea kigoda. Akafungua mifuko yote juu ya meza ya barazani, akanusa nyanya, akatikisa mayai, akaning'iniza unga kwenye mizani. Alipofika kwenye njugu akasimama. Akazisogeza mbali na miwani, akazirudisha karibu.

"Niliagiza za chumvi."

Helmeti alieleza kwamba yeye anapewa mifuko ikiwa imekwisha kufungwa, hajui hata kilichomo. Mimi nikadakia, tena haraka kupita kiasi, nikasema labda zile za chumvi zilikwisha, na kitu kikikwisha huwa wanaweka mbadala.

Mzee alilionja lile neno kama kitu kilichochacha. Akasema stoo yake haikuwahi kupokea mbadala. Umeagiza uzi, unaletewa sindano, unaambiwa vyote ni vya kushonea. Akachukua daftari gumu, akaandika tarehe, vilivyoagizwa, vilivyofika, na jina la aliyeleta. Helmeti. Ndipo akasaini kwenye kioo, kwa kidole kinachodharau.

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mzee akaanza uchunguzi. Alimuuliza Helmeti anapita njia gani, anasimama wapi, nani mwingine anagusa sanduku. Alikagua gundi ya mifuko kwa kioo cha kukuzia. Pikipiki ikiondoka, anasimama nyuma ya pazia kumwangalia mpaka kona, aone kama atatia kitu mdomoni. Wiki ya tano alinitolea matokeo. Mayai yanafika yote, maziwa yanafika, sabuni inafika. Vinavyokosekana kila wiki ni vyenye chumvi tu. Kwa hiyo kuna mwizi kati ya rafu na mlango, na mwizi huyo anapenda chumvi.

Nilicheka. Kicheko chenyewe kilitoka kibaya, kikavu, na mzee akaniangalia juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Tangu siku hiyo sikujua tena nani anamshuku nani. Nikabadilisha namba ya siri ya simu. Akipita nyuma yangu, nailaza kioo chini. Akikohoa chumbani kwake, nahisi ananiita. Jioni moja, hatuna habari hii wala ile, aliniuliza risiti za mzigo huwa zinakwenda wapi, mbona haioni karatasi. Nikamwambia zinakuja kwenye simu, kisha zinajifuta zenyewe. Hebu fikiria! Nilimdanganya mtunza stoo kuhusu risiti, na alitikisa kichwa tu, akaendelea na chai.

Helmeti naye nilianza kumjua, kwa zile dakika za kusubiri mizani. Alikuwa na mabinti wawili sekondari, anawasomesha peke yake. Pikipiki si yake. Kila nyumba anayochelewa, aliniambia, inaonekana kwenye simu ya bosi wake, na akilalamikiwa na mteja, pikipiki anapewa mwingine. Alisema bila kulalamika, huku anaitazama saa. Nilimwonea huruma, kisha Ijumaa iliyofuata nikaingia jikoni na simu yangu kama kawaida. Najua ninavyosikika.

Jumatatu ya wiki ya tisa nilirudi kutoka kazini nikakuta mezani kopo la nyama na mfuko wa njugu za chumvi, vimepangwa sambamba. Mzee amekaa nyuma yake, viatu vina vumbi. Alikuwa amekwenda supamaketi, peke yake, na fimbo.

"Rafu nzima imejaa," akasema. "Nimewauliza. Havijawahi kuisha hata siku moja."

Nikakaa.

Akaendelea kwamba amemwona meneja, wamezungumza, na yule mwanamke hataleta mzigo hapa tena wala kwingine. Wamemsimamisha mpaka kieleweke. Aliyasema hayo akinitazama usoni, na mimi nilichopata kusema ni, "Loh, maskini." Kisha nikainuka kwenda kupika, na kuku nilimtia chumvi ya presha kama kawaida, na mzee akala akamaliza.

Wiki hiyo sikulala vizuri wala sikula. Nilimpigia mume wangu Alhamisi, akiwa kwenye kituo cha mizani ya malori, nikamweleza yote. Nikasikia injini. Akasema niache. Mambo ya duka watayamaliza wenyewe wa duka. "Ukimwambia Baba sasa," akasema, "hatakula tena chakula cha mkono wako." Hilo ndilo nililokuwa naliogopa mwenyewe, na kulisikia kwa sauti yake kulinichoma.

Ijumaa mzee akakaa mezani. Akataja vitu vile vile vya siku ya kwanza, kwa mpangilio ule ule, polepole. Chumvi pakiti mbili. Njugu za chumvi. Nyama ya kopo, nne. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nitume. Nikasema mtandao unasumbua, nitatuma nikiwa jikoni.

"Haya," akasema.

Jikoni nilisimama na simu mkononi mpaka kioo kikazima, nikakiwasha, kikazima tena. Nikituma kama alivyosema, vitu vya chumvi vitafika na mtu mwingine, na mzee atakuwa amethibitisha kwamba mwizi alikuwa Helmeti. Halafu atavila. Nikibadilisha kama kawaida, atajua kwamba tatizo halikuwa Helmeti, na katika nyumba hii tuko wawili tu. Kidole changu kilining'inia. Nilijichukia, nikamchukia na yeye pia, na daktari, na aliyevumbua programu. Sikutuma chochote.

Jumamosi asubuhi nilivaa nikaenda supamaketi kwa miguu. Meneja alikuwa mtu mnene mpole, ofisi yake nyuma ya stoo ya vinywaji. Nilimwambia bila kupumua kwamba mleta mzigo wao hana kosa, nilikuwa nabadilisha oda mimi, wamrudishe kazini, mimi niko tayari kuandika barua.

Aliniangalia kama mtu aliyevamiwa ofisini na mgonjwa wa akili. Akauliza amrudishe nani, mbona hakuna aliyesimamishwa.

Nikamweleza ni mzee gani. Hapo akakumbuka. Ndiyo, alikuja Jumatatu. Hakulalamika hata neno. Aliomba kuona oda za nyumba yake kama zilivyoingia, zote nane, naye meneja akamchapishia. Mzee akavaa miwani, akazisoma zote akiwa amesimama, kiti alikikataa. Kisha akaomba kalamu, akasaini kila karatasi kwa chini, akasema duka halina kosa, akaondoka na nakala zake.

Nilitokea mlango wa nyuma ili nisipite mbele ya watu. Pale nje Helmeti alikuwa anapanga mifuko kwenye sanduku, kofia iko juu ya kiti cha pikipiki. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Akanisalimia kwa furaha, akauliza mzee hajambo, mbona leo hajaiona nyumba yetu kwenye orodha.

Nikamwomba radhi kwa yale masumbuko ya kila Jumamosi, mizani na maswali. Akacheka.

"Nyumba nyingine mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka, mlango unafungwa," akasema. "Kwenu naambiwa kaa. Na barua je, hakukuambia? Kila wiki ananiandikia karatasi nimpelekee bosi: huyu amecheleweshwa na mimi. Na saini juu."

Sikuwa nimeambiwa. Kwa wiki nane nilikuwa palepale barazani nasubiri amalize kupima unga, sikuwahi kuangalia anaandika nini kingine.

Nilirudi nyumbani nikamkuta barazani. Meza ilikuwa tupu isipokuwa karatasi nane, daftari na kalamu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikabaki nimesimama, kwa maana sikujua kama bado naruhusiwa kukaa.

"Umechelewa siku tano," akasema.

"Baba, yule mwanamke yuko kazini. Ulisema amesimamishwa."

"Nilisema."

"Haikuwa kweli."

"Kweli ilikuwa imekwisha," akajibu. "Nikaweka mbadala."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na bila miwani alionekana mzee sana. Akasema chumvi angeiacha. Angepiga kelele siku tatu, ya nne angeiacha. Kwa miaka thelathini na moja alirudisha mizigo mibovu, lakini hajawahi kurudisha mzigo ulioandikwa ukweli wake juu. "Ungekaa hapo," akasema, na akakigusa kigoda cha Helmeti, "ukaniambia unachoogopa."

"Naogopa utakufa, Baba." Nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Haya. Imefika," akasema.

Akanisogezea kalamu. Kwenye daftari, kila penye jina la Helmeti palikuwa pamepigwa mstari, na pembeni ameacha nafasi. Nikainama nisaini pale, haraka, yaishe. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Soma kwanza."

Nikalisoma daftari na karatasi zote nane, wiki kwa wiki. Chini ya kila karatasi, juu ya saini yake, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa stoo: imepokelewa, imeliwa. Ndipo nikasaini, mara nane, naye akihesabu kimya kimya kwa midomo.

Siku hizi dukani tunakwenda wote, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kapu, na muuza nyama anaondoa kidole gumba akituona tu mlangoni. Mguu ukimsumbua tunaagiza kwa simu, lakini kidole cha kutuma ni chake, na Helmeti analetewa kigoda kabla hajazima pikipiki. Lile kopo la nyama liko juu ya kabati, halijafunguliwa. Presha imeshuka, daktari amefurahi. Na mimi nikimpelekea chai jioni, anaipokea, anaishusha mezani, anainusa, ananitazama juu ya miwani, ndipo anakunywa.